Bahasha Moja, Dai Moja

Mtu aliyekaa nyuma ya rundo la bahasha aliinua uso, na Marlys Torvik akamtambua. Alikuwa Darrin, mkwe wake.

Haya, roho zenu zishuke. Wiki nzima mmebishana, wengine mkimsingizia Ardis wa watu, jirani yake, wengine mkiniomba nidokeze walau herufi moja. Ni Darrin Kvale, mume wa Renae, na Renae ndiye mtoto wa pekee wa Marlys. Miaka tisa kijana huyu amekula Krismasi mezani kwa mama huyu, akiongezwa viazi bila kuomba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa aliyeingia leo, nitasema upesi, maana nina hasira na sitaki ipoe. Marlys ni mjane, na ndiye mweka hazina wa akina mama wa kanisa la Kilutheri hapa Nordby, Minnesota. Orrin Ruud, mkulima wa kwetu, alinaswa mkono wa kulia na mashine ya kupandishia nafaka ghalani, ukakatwa hadi begani. Akina mama wakaanza kumchangia. Wakapanga asubuhi ya chapati za maji, watu wale na watoe chochote, na siku chache kabla yake jiko la ukumbi wa chini ya kanisa likafa.

Duka la vifaa lilikuwa limetangaza jiko gazetini: dola 599, kwa tarakimu kubwa kama kichwa cha mtoto. Mfuko wa akina mama ulikuwa na mia sita. Marlys akaenda. Pale kwa keshia akaambiwa 899.

"Hiyo 599 ni baada ya marejesho, mama," keshia alimwambia. "Wewe lipa yote, kiwanda kitakurudishia mia tatu kwa posta. Wiki sita, nane hivi."

Basi Marlys akachukua mia tatu kwenye mkebe wa mchango wa Orrin, ili lipatikane jiko la kumpikia Orrin chapati. Wiki sita zikapita, na nane zikapita. Pensheni yake yote imeishia kwenye gesi ya kupashia nyumba moto. Jumapili hii Orrin anakabidhiwa mchango wake mbele ya kanisa zima, na ndani ya mkebe kuna pengo ambalo Marlys peke yake ndiye anayelijua. Leo ni Ijumaa, na Marlys amekuja mwenyewe kwenye ofisi ya hapa Nordby inayoshughulikia madai ya marejesho.

"Mama?" Darrin alisema. "Umepitaje pale mbele?"

"Binti wa mapokezi amekwenda kuchukua kahawa." Marlys alifunga mlango nyuma yake taratibu. Hata akiwa na ghadhabu, mtu wa huku habamizi mlango. "Darrin, si huwa mnaniambia kazi yenu hapa ni kuwatumia watu hela zao?"

"Tunawatumia. Wanaostahili."

"Na mimi?"

Darrin hakupekua. Alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye trei ya chini akaitoa bahasha, na hilo ndilo lililomchoma Marlys kuliko muhuri mwekundu uliogongwa juu yake. Mtu hatoi kitu upesi namna ile kama hajui kilipo.

"Imekataliwa," alisema Darrin.

"Kwa kosa gani? Nilikata ile mistari myeusi ya msimbo kwenye boksi kwa wembe, nikaweka nakala ya risiti, nikajaza kila mahali, nikaenda posta kesho yake."

"Ndani mlikuwa na dai la pili."

"La Ardis. Birika lake la kahawa, dola kumi. Nyumba zetu zinatazamana, tununue stempu mbili za nini?"

"Bahasha moja, dai moja. Imeandikwa nyuma ya fomu, chini kabisa."

"Kwa hiyo la Ardis mmemlipa?"

"Yote mawili yamekufa."

"Kwa ajili ya stempu moja."

"Kwa ajili ya kanuni, mama."

Hapa nisimame kidogo niteme mate. Mtu akikupunguzia bei dukani, unalipa pungufu, unachukua mzigo, mnaagana. Marejesho ni mdudu mwingine. Unalipa bei yote, kisha unarudi nyumbani kuomba sehemu ya hela yako mwenyewe. Ukate mistari ya boksi, utafute risiti, ujaze fomu, ununue stempu, usubiri hundi. Muda wote huo unakikopesha kiwanda bila riba, na kiwanda hakijui hata jina lako.

Wanaopanga mchezo huu wanajua wengi hawatatuma. Mwingine boksi limeshachomwa moto, mwingine risiti imefuliwa mfukoni, mwingine amechelewa siku mbili. Kuna hata anayeletewa hundi yake na kuitupa, kwa sababu wameichapa makusudi ifanane na matangazo ya takataka. Anayebaki, yule mwangalifu aliyefanya yote, anatafutiwa stempu. Dola kumi hapa, arobaini pale, na haba na haba hujaza kibaba cha mtu asiyejulikana anakaa wapi.

"Darrin," Marlys alisema, "ungenipigia simu. Ningetuma upya."

"Boksi ungelipata wapi la kukata tena?"

Boksi la jiko ni moja, na mistari yake hukatwa mara moja.

"Kaa, mama. Nikwambie kitu maana wewe ni mtu mzima." Darrin alivuta kiti. "Unajua kwa nini wakubwa walijenga ofisi hii Nordby wakaacha miji mikubwa? Kule mtu asipolipwa anapiga simu mara tano, anatukana, anakuja na wakili. Huku mtu asipolipwa anasema, pengine nimekosea mimi. Hamlalamiki. Mnaona aibu."

Alisema hivyo bila kebehi, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Marlys alikuwa amekulia katika adabu hiyo. Mama yake alimfundisha asiombe chumvi mezani mpaka apitishiwe, na sasa kumbe kuna watu waliikalia adabu hiyo na karatasi za hesabu, wakaona ni mgodi.

"Na wewe unapata nini?"

"Bonasi ya robo mwaka. Madai yasiyolipwa yakivuka kiwango, wasimamizi tunagawiwa. Ndiyo inayolipa nyumba ya binti yako, mama, kwa hiyo usiniangalie hivyo." Akatoa pochi, akahesabu noti, akazisukuma juu ya meza. "Mia tatu. Kajazie mkebe wako, yaishe. Ila haya tuliyozungumza yasitoke mlangoni."

Nimejua watu ambao wangezichukua. Marlys alizitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri.

"Hizi ni zangu au zako?"

"Hela ni hela, mama."

"Kama ni zangu, niandikie hundi ya kampuni. Kama ni zako, basi unanilipa ninyamaze, na mimi hujaninunua bado."

Akatoka. Alipita kwenye ukumbi ambamo wanawake wanafungua bahasha kwenye meza ndefu, na ndimo afanyamo kazi Renae. Kiti cha Renae kilikuwa kitupu, alikwenda kula. Marlys alishukuru. Angemkuta angelia, na hakutaka kumlilia mtoto kazini kwake.

Jumamosi asubuhi alimweleza Ardis yote, jikoni kwa Ardis. Ardis Bakke ana miaka sabini na ulimi ambao mume wake marehemu aliuogopa.

"Huyo Darrin nilimpikia keki ya harusi," Ardis alisema. "Kumbe ningetia chumvi."

"Nifanye nini, Ardis?"

"Nina themanini kwenye kopo. Chukua."

"Hazitoshi, na ni za dawa zako."

"Basi turudishe jiko. Chapati zimeshaliwa. Turudishe, watupe hela yetu, tujaze mkebe, na misiba tutapikia majumbani kama zamani."

Marlys hakuwa amewaza hilo. Ardis hatupi boksi, hajawahi kutupa boksi maishani, na la jiko lilikuwa gereji kwake limekunjwa vizuri. Wakaita wanawake wawili wenye mabega, wakalisugua jiko kwa siki mpaka likang'aa, wakalipakia kwenye pikapu, wakaenda nalo dukani.

Kijana wa kaunta ya kurudisha bidhaa alilizunguka jiko, kisha akalizunguka boksi. Akatia vidole viwili kwenye tundu la mstatili ubavuni.

"Limekatwa hapa, mama."

"Nilikata ile mistari, ya marejesho."

"Basi mia tatu tunazitoa. Ulishalipwa na kiwanda."

"Sijalipwa. Walinikatalia."

"Hilo sisi hatulijui. Boksi likiwa na tundu, kompyuta inahesabu kwamba umelipwa."

Wanawake wanne wakatazamana. Ardis ndiye aliyefungua mdomo kwanza.

"Mwanangu, hebu nielewe. Kiwanda kimemnyima mia tatu, na nyie mnamkata mia tatu kwa sababu kiwanda kimempa?"

"Ndivyo sera ilivyo, bibi. Halafu limetumika, kwa hiyo kuna asilimia kumi na tano ya kulirudisha rafuni." Akabonyeza vitufe. "Inabaki 464 na senti kidogo."

Kati ya 899. Marlys akapiga hesabu kichwani, na nawaambia ukweli, akafurahi. Akaona mia tatu za Orrin zinatoka, na mia moja na kitu zinabaki kwa akina mama. Wangekosa jiko na kukosa fedha, lakini Orrin angepata haki yake. Unaona mtu anavyofundishwa kushukuru kwa kuibiwa nusu.

"Nipe hizo," alisema.

Kijana akatoa kadi ya plastiki, nyekundu, yenye picha ya nyundo.

"Hii ni nini?"

"Siku thelathini zimepita, mama. Hatutoi taslimu. Ni ya kununulia humu humu dukani."

"Orrin ana mkono mmoja," Ardis alisema taratibu. "Unataka tumpelekee misumari?"

Kijana akainamisha macho. Hakuwa mbaya, masikini, alikuwa tu na kompyuta. Wanawake wakalipakia jiko upya, wakaondoka nalo, na njia nzima hakuna aliyesema neno. Huku kwetu hiyo ndiyo namna ya kutukana.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka viti vya kukunja vikatolewa. Orrin alikaa mbele na mke wake, mkono wa shati umepinduliwa na kubanwa kwa pini. Marlys alikuwa na bahasha ya mchango mapajani, yenye pengo lake. Usiku alikuwa ameamua: atasema kweli mbele ya watu, watu wamwite mwizi kama wanataka, kisha atajiuzulu.

Mchungaji alimwita Orrin asimame madhabahuni. Marlys akaanza kunyanyuka.

"Samahani, Mchungaji." Darrin alikuwa amemtangulia. Alikuja kwa njia ya katikati akiwa amevaa tai, amebeba hundi ya karatasi ngumu kubwa kama mlango wa kabati, na nyuma yake mpiga picha wa gazeti la kata. "Kampuni yetu imesikia kilio cha ndugu yetu. Tumeona tusikae kimya. Dola mia tatu, Orrin, kwa niaba yetu sote."

Kanisa likapiga makofi. Taa ya kamera ikamulika. Orrin akaishika ile hundi kwa mkono wake mmoja, ikamlemea, mke wake akamsaidia upande wa pili. Na Darrin, bado anatabasamu, akageuza shingo kumwangalia mama mkwe wake.

Marlys akaelewa. Pengo limezibwa. Orrin atapata jumla yake, hakuna atakayehesabu vyanzo, na yeye kinachotakiwa ni kukaa tu na kupiga makofi.

Mnaona uchafu huo? Hela ileile waliyomnyima kwa stempu imerudi imevishwa tai na kuitwa sadaka, inapigwa picha. Mimi nimeona wezi wengi katika maisha yangu, na mwizi wa kuku nampa heshima yake, maana angalau hakuombi umshukuru.

Marlys akasimama.

"Orrin," alisema. "Mchango wako una upungufu wa mia tatu. Nilizichukua mimi."

Makofi yakakatika vipande vipande mpaka yakaisha. Akaeleza kila kitu: jiko, tarakimu za gazetini, bahasha, stempu, ofisi ya mkwe wake. Hakupamba. Alipofika kwenye noti zilizosukumwa juu ya meza, Darrin alitazama chini.

"Na hizo alizoleta leo ni zetu," Marlys alimaliza. "Alitunyima kwa posta, anatupa kwa picha."

"Mama Torvik," mchungaji alisema kwa upole, "labda tulizungumze ofisini."

"Hapana, Mchungaji. Sisi kila kitu tunakizungumza ofisini, ndiyo maana wakaja kujenga hapa." Akawageukia watu. "Nani mwingine alikata boksi, akatuma, akaambiwa amekosea? Asimame."

Hakusimama mtu. Mmoja akakohoa. Watu wakasoma vitabu vya nyimbo vilivyofungwa. Ardis tu ndiye aliyejiinua kwa fimbo yake, dola zake kumi za birika, akasimama peke yake katikati ya kanisa kama aliyesahauliwa. Marlys alihisi uso wake unawaka. Akajiona mjinga, akataka kukaa.

"Mimi nimeshasimama," sauti ilisema kutoka mbele.

Alikuwa Orrin. Alikuwa ameachia upande wake wa ile hundi, mke wake akabaki nayo.

"Msumeno wa mashine," Orrin alisema. Si mtu wa maneno mengi, na kila neno alilitafuta. "Niliununua kabla ya ajali, dola arobaini za kurudishiwa. Fomu nilijaza baadaye. Wakairudisha fomu, wakasema saini yake haifanani na saini ya risiti."

Akagusa mkono wa shati uliobanwa kwa pini.

"Nilikuwa nimetia kwa mkono wa kushoto."

Sijui kama umewahi kusikia watu mia mbili wakivuta pumzi kwa pamoja. Kisha benchi moja likalia, na la pili. Mwalimu wa shule akasimama, tairi nne. Mama wa benchi la nyuma, mashine ya kufulia. Wazee waliokuwa tayari kufa na siri zao za dola ishirini wakasimama wakiona aibu, wakawaona wenzao, na aibu ikageuka kitu kingine. Mpiga picha wa gazeti, ambaye si wa kanisa lile, naye akashusha kamera na kusema, "Printa."

Darrin alikuwa mweupe kama kitambaa cha madhabahu. Alimfuata Marlys karibu, akanong'ona, lakini kanisa lilikuwa kimya kiasi kwamba hata mimi wa nyuma nilisikia.

"Mama, usiendelee. Nakuomba. Sijiombei mimi, naomba kwa ajili ya Renae."

"Renae hana kosa. Usimweke binti yangu mbele yako kama ngao."

"Mama, huelewi. Mimi ile bahasha niliikuta tayari imeshagongwa."

Marlys akageuka. Renae alikuwa amesimama kwenye benchi la tatu, mikono yote miwili imeshika kiti cha mbele yake. Alikuwa amelia muda mrefu, na hakuna aliyekuwa amemtazama.

"Mwache, Darrin," alisema. "Mama, muhuri ni wangu. Niliujua mwandiko wako kabla sijaifungua, nikafungua, nikaona ni wewe na Ardis, nikakumbuka malipo ya nyumba, nikagonga. Na ile ya Orrin, nilijua kwa nini saini yake haifanani. Hiyo nayo niliigonga mimi."